Kushoto, Kulia na Sahani ya Bwana Kassim

Habari ya kifo cha Bwana Kassim ilinikuta kwenye ngazi za metro pale Xiaobei, mjini Guangzhou, mkono mmoja mfuko wa mboga, mkono wa pili mwavuli, ikabidi nijibanze ukutani ndipo niweze kuisoma simu. Alifariki Mombasa alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Binti yake, ambaye sijawahi kumwona, alikuwa ameandika ujumbe mrefu wa upole wa kuwaarifu marafiki wa baba yake wa China, na ndani yake akaweka kisa ambacho marehemu alipenda kukisimulia: kwamba mwaka mmoja, sikukuu ya mwaka mpya wa Wachina, maduka yote yalifungwa, naye akala tambi za pakiti siku tatu mfululizo, peke yake chumbani, mpaka akaapa kutozitia tena kinywani. Nilisoma, nikalia pale pale, watu wakinipita na mizigo yao. Kisha nikafanya jambo ambalo mkalimani mwenye umri wangu hapaswi kulifanya. Niliusukuma ujumbe ule kama ulivyo, bila kuuchuja, kwenda kwa Mama Bahati aliyeko Mbeya.

Jibu lake lilikuja kabla sijafika nyumbani. Mama Bahati haandiki siku hizi, macho yamechoka, hutuma sauti. Alimwombea marehemu, akasema pole, akasema Kassim alikuwa mtu. Halafu likaja swali. "Tumaini, mwanangu," akasema, "hizo tambi si za sikukuu ile niliyopika pilau? Nilikutuma ukamwite. Ulirudi ukaniambia ana wageni. Mbona huyu mtoto anasema baba yake alikuwa peke yake? Kassim alikwambia nini hasa? Nipigie." Leo ni siku ya tatu na sijampigia. Ana miaka sabini na minane, na jibu analolitaka nimelikalia tangu nikiwa msichana. Naandika ili nijue nitamwambia nini, na nisipojua hata baada ya kuandika, basi angalau nitakuwa nimeeleza vizuri jinsi nilivyochanganyikiwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja hapa Guangzhou, na nilikaa kwa Mama Bahati huko Sanyuanli. Nilikotoka na aliyenilea tuyaache, si habari ya kisa hiki. Mama Bahati alikuwa mfanyabiashara wa nguo, mapazia na suruali za jinzi hasa, na alinipa kitanda na chakula nami nikawa ulimi wake sokoni. Chumba changu hakikuwa chumba. Ilikuwa ni kona ya sebule iliyotengwa kwa mabelo ya jinzi yaliyopangwa mpaka karibu na dari, na kila kontena lilipoondoka ukuta wangu uliondoka nalo, nikalala hadharani mpaka mzigo mwingine ufike. Nyumba zenyewe zilikuwa zile ambazo Wachina wanaziita nyumba za kupeana mikono, kwa jinsi zilivyosongamana. Bibi wa jengo la pili alikuwa akitupitishia tangawizi dirishani kwa ncha ya fimbo ya kuanikia nguo. Tulikuwa ghorofa ya saba bila lifti. Kulikuwa na harufu ya nguo mpya, dagaa, na ile gundi ya selotepu iliyotanda kila pembe ya Sanyuanli, na mlio wa selotepu ikivutwa ndio uliokuwa jogoo wetu.

Bwana Kassim alikuja kula kila siku saa saba mchana. Alikuwa wakala wa mizigo mwenye ofisi mtaa wa nyuma, mtu wa Mombasa, mwembamba, mwenye koti la mvua la rangi ya majani ambalo halikumtoka hata jua likiwaka. Kabla ya China aliendesha basi Uingereza miaka kumi na tisa. Huko alijiunga na chama chekundu, chama cha wafanyakazi, akawa anagawa vipeperushi nyumba kwa nyumba mvuani, na kadi yake ya uanachama bado alikuwa nayo kwenye pochi ingawa ilikwisha muda zamani. Mama Bahati alimwita Mwingereza. Alikuwa amekula mezani pale miaka mitatu bila kukosa, isipokuwa siku za Ramadhani, na hata hizo Mama alimwekea futari ndani ya hotipoti. Sahani yake ilikuwa ya bati, ya buluu, yenye ufa wa rangi ukingoni, na hakuna mwingine aliyepakuliwa ndani yake.

Basi mimi, mwezi wa tisa, nikapewa mada ya tasnifu. Mwalimu Lin, msimamizi wangu, mama mfupi mwenye sauti ya kunong'ona iliyotutetemesha darasa zima, alinikabidhi karatasi yenye mstari mmoja: fasili ya kushoto na kulia katika siasa za vyama vya Uingereza. Nilitaka biashara ya Afrika na China, akanitazama. "Hiyo kila mtu anaandika," akasema. "Wewe niletee fasili moja, inayosimama. Isiposimama, mwezi wa sita hutapita." Na kutopita maana yake ilikuwa ufadhili ukatike na mimi nirudi nilikotoka bila cheti. Nilirudi Sanyuanli nikifikiri nimepata bahati ya mtende, maana Mwingereza nilikuwa naye nyumbani, anakula ugali.

Siku ile kulikuwa na samaki mzima wa kupaka, mkubwa, Mama alikuwa amempata kwa bei nzuri. Nikamuuliza Bwana Kassim kushoto ni nini. Akafuta mikono, akalivuta sinia katikati. "Sikiza, binti. Huyu samaki ndiye mali ya nchi. Wa kushoto asema: kwanza kila sahani ipate kipande, na kisu akishike mtu tuliyemchagua sote, si mwenye samaki. Wa kulia asema: samaki kamnunua Mama Bahati, kampika Mama Bahati, mwacheni agawe atakavyo. Hatawanyima. Na kesho atakuwa na hamu ya kununua mwingine."

"Basi mimi ni wa kulia," Mama Bahati akasema, "na wewe Mwingereza miaka mitatu unakula samaki wa kulia."

"Nala, na kila siku nasema ahsante. Hapo ndipo penye tatizo, mama. Mtu mzima si wa kusema ahsante kila siku ili ale."

"Jamani! Nani amekulazimisha kushukuru? Hata Biblia inasema kondoo kulia, mbuzi kushoto. Mbuzi wewe!"

"Na kwetu vile vile, watu wa kheri ni wa kuliani," akajibu, akicheka mpaka akakohoa. "Lakini hiyo ni ya Mwenyezi Mungu. Hii ni ya Waingereza."

Niliandika yote daftarini, mafuta ya samaki yakachafua ukurasa, na usiku wa siku hiyo nililala nikiamini nusu ya tasnifu imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza nilikuwa naingia msituni. Nilipoanza kusoma vitabu, kila kitu Kassim alichokiweka kushoto kilikuwa kimeonekana pia upande wa pili. Wekundu, watetezi wa kila mtu kusoma, ndio walioanza kuwatoza ada wanafunzi wa vyuo vikuu. Buluu, yaani chama cha kulia, watu wa mila na wa kwenda polepole, ndio waliotangulia kumweka mwanamke kwenye uwaziri mkuu. Kulikuwa na vibarua maskini waliopigia buluu kura maisha yao yote, na mawakili matajiri waliolia machozi kwa ajili ya wekundu. Hata viti vya bungeni havikunisaidia, maana nilisoma kwamba anayeshinda hukaa kuliani kwa spika, awe nani. Na katikati kulikuwa na chama kingine cha manjano ambacho kila kitabu kilikitaja kwa huruma. Nilimpelekea Bwana Kassim habari ya ada za vyuo. Alikunja uso, akasema wale walikuwa wekundu wa ngozi tu. "Sasa wekundu wa kweli ni nani?" nikauliza. Akaniambia nile, chakula kinapoa.

Nieleze hapa namna ya kazi yetu ya ukalimani, maana ndiyo iliyoleta balaa. Mkalimani wa sokoni hasemi kila anachosikia. Bosi wa duka, laobani kama tunavyowaita wote, akisema, "Huyu mama bahili amenichosha, aende zake," wewe unamwambia mama, "Anasema bei hiyo bado haijamfikia, ongeza kidogo." Mama akijibu, "Mwambie ni mwizi aliyekubuhu," unamwambia laobani kwamba mama anamheshimu ila amezoea bei ya zamani. Wote wawili wanatabasamu, mzigo unafungwa. Mama Bahati mwenyewe ndiye aliyenifundisha, mwezi wangu wa kwanza, baada ya mimi kutafsiri tusi moja kwa uaminifu na kutufukuzisha dukani. "Mjumbe hauawi," akaniambia tukiwa nje, "lakini mzigo unauawa. Chuja." Nikachuja. Nikawa hodari kiasi kwamba wafanyabiashara wengine walikuja kuniazima.

Mwezi wa kumi ndio mwezi wa mizigo ya Krismasi. Kontena lisipoondoka wakati huo, bidhaa zinafika nyumbani watu wamekwisha kula sikukuu. Bwana Kassim alikuwa akikusanya mizigo ya watu kumi na watano ndani ya kontena moja la Dar es Salaam, kila mtu na nafasi aliyoiwekea oda. Siku ya kupakia, vijana wa ghala wanakaribia kufunga milango, akafika Esta na pikipiki tatu za mizigo zikimfuata. Esta alikuwa mgeni, dada wa Morogoro, safari yake ya kwanza, na kiwanda kilikuwa kimemchelewesha na viatu vya watoto. Kontena limejaa. Alipiga magoti pale sakafuni, kwenye vumbi la maboksi, akamshika Bwana Kassim koti lake la mvua.

"Siwezi, dada yangu," akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya upole, nakumbuka. "Aliyeandikisha mapema ndiye apakiaye. Nikikuhurumia wewe nawadhulumu kumi na watano. Sheria ni moja kwa wote."

Nilishangaa. Nikajiuliza, huyu si ndiye wa kila sahani ipate kipande? Kabla sijamaliza kushangaa, Mama Bahati alikuwa amekwisha kupanda ndani ya kontena na kanga yake kiunoni, anasukuma mabelo yake ya mapazia nje kwa mguu. Manne. "Viatu viingie hapa," akasema. "Mapazia hayana Krismasi." Watu walipiga makofi. Esta alilia, akamkumbatia, na Mama akamwambia amwache, anamchafua. Mimi nilirudi nyumbani nikafungua daftari na nikaandika kwamba wa kushoto amekuwa wa kulia na wa kulia amekuwa wa kushoto, na nikaweka alama ya kuuliza kubwa kuliko maandishi yenyewe.

Leo naona nilikosea, kila mmoja alikuwa mwaminifu kwa upande wake. Bwana Kassim aliamini haki haiwezi kungoja mtu mmoja awe na moyo mwema siku hiyo. Mama Bahati aliamini kwamba mali ni yangu ndiyo maana naweza kukupa. Lakini msichana wa miaka ishirini na mitatu huona matendo tu: mmoja amekataa, mmoja ametoa. Na nadhani hata Bwana Kassim, usiku ule, aliona hivyo hivyo na ikamuuma. Maana wiki mbili baadaye alibandika tangazo kwenye mlango wa ofisi yake: kuanzia kontena lijalo, kila mwenye mzigo ataacha nusu mita ya ujazo, na nafasi hiyo itakuwa ya waliochelewa kwa sababu isiyo yao. Asiyeacha, mzigo wake haupakiwi.

Mama Bahati alilisoma tangazo lile mara mbili, midomo ikitembea. Nilidhani atafurahi. "Hiki nilikitoa kwa moyo wangu," akasema tukipanda ngazi, akisimama kila ghorofa ili akasirike vizuri. "Sasa nalazimishwa! Nusu mita! Kamwambie Mwingereza simwachii hata upana wa sanduku la kiatu. Nikitaka kumpa mtu, nitampa mimi, kwa mkono wangu, nikimwona usoni." Nikashuka ghorofa saba nikaenda ofisini kwa Bwana Kassim, na njiani nikachuja. Nikamwambia Mama anasema atalifikiria. Akafurahi. Akasema, "Mwambie namheshimu kuliko wote, lakini akikataa mzigo wake haupandi, yeye wala mwingine." Nikapanda ghorofa saba nikamwambia Mama kwamba Bwana Kassim anasema wewe si kama wengine. Kwa mwezi mzima niliwabebea maneno hivyo. Mezani walikuwa hawaligusi kabisa jambo hilo, kila mmoja akijua mwenzake amekubali, wakitaniana juu ya kondoo na mbuzi, na mimi katikati nikila kwa raha. Sikujiona mwongo hata kidogo. Niliipenda meza ile na nilikuwa nailinda.

Siku ya kupakia kontena la mwezi wa kumi na mbili, Mama alifika na mzigo wake wote, hakupunguza hata kifundo. Bwana Kassim alikuwa amemwachia nafasi iliyopungua nusu mita, ameichora chini kwa chaki. Walitazamana kwanza kwa kutoelewa tu, nikawaona wakigeuka wote wawili kunitafuta kwa macho, nami nikajishughulisha na kamba ya kiatu. Kisha ikawaka, mbele ya watu wote na vijana wa ghala.

"Ulikubali, mama!"

"Nani alikubali? Wewe ndiye uliyesema mimi si kama wengine!"

"Kila mtu ni kama wengine! Hiyo ndiyo maana ya sheria moja!" Bwana Kassim akaonyesha ule mstari wa chaki. "Juzi wampa Esta, watu wakupigia makofi. Na kesho usipoamka na moyo mwema, Esta mwingine afe? Huruma yako, mama, yataka kushangiliwa!"

Mama Bahati alijifunga upya kanga yake taratibu, na aliposema hakupaza sauti. "Na wewe Kassim hujui kutoa," akasema. "Unajua kutoza tu."

Mabelo yake yalilala nje siku ile. Yalisafiri na wakala mwingine wa Xiaobei, na Bwana Kassim hakuja tena saa saba. Hakuna aliyenilaumu, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyegeuka baada ya kuniambia vingine. Hilo ndilo lililonitesa, maana ningelaumiwa ningepata pa kuanzia. Sahani ya buluu ilikaa juu kabisa ya kabati, na Mama alipopakua mkono wake ulikwenda kule juu mara moja moja kwa mazoea, ukarudi.

Mwaka mpya wa Wachina ulipofika mji ulifungwa, kama kawaida yake. Siku ya pili ya sikukuu, milango ya chuma imeshushwa mtaa mzima, Mama Bahati aliamka akapika pilau. Yeye mtu wa Mbeya, pilau hakuijua. Alijifunza kwa ajili ya Kassim, na ile ya siku ile aliipatia, mdalasini wake ulifika mpaka kwa bibi wa dirisha la pili. Akaishusha ile sahani, akaisugua kwa majivu ya ubani. "Kamwambie Mwingereza aje ale," akasema bila kunitazama. "Mambo ya kontena ayaache huko huko kwenye kontena."

Hayo nilimfikishia yalivyo, hayakuhitaji kuchujwa. Nilimkuta chumbani kwake, amekaa kitandani na koti lake la mvua, maji yanachemka kwenye birika la umeme, pakiti ya tambi imefunguliwa. Alinisikiliza. Macho yakamlegea kabisa, nikajua anataka kuja, nikaanza kutabasamu. Ndipo akasema, na haya ndiyo maneno yake, nayakumbuka yote: "Nitakuja. Lakini mwambie anitoze. Sahani ya pilau kama hotelini, bei aseme yeye, nami nilipe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi nimekula miaka mitatu. Siwezi kurudi kula cha bure kwa mtu niliyemwambia huruma yake yataka kushangiliwa. Nikilipa tutakuwa sawasawa. Tutagombana vizuri."

Nilishuka ngazi zake, nikavuka mtaa mtupu, nikasimama chini ya zile ghorofa saba. Kwetu huko Nyanda za Juu, kumlipa mama wa watu kwa chakula alichokupikia nyumbani kwake ni kumwambia yeye ni mama lishe na wewe ni mteja. Nilimwona Mama akilini, na sahani aliyoisugua kwa majivu. Nikasema, akisikia hili atamchukia maisha. Nikapanda. Nikamwambia, "Anasema ahsante sana, ana wageni." Mama akasema, "Haya." Akaifunika ile sahani na sahani nyingine, akaiweka mezani, ikakaa mpaka jioni. Mimi nilikula pilau yangu yote, nilikuwa na njaa.

Masika ikaja, ile ya Guangzhou ambayo kuta hutoka jasho na viatu huota ukungu chini ya kitanda, nami nikaandika tasnifu yangu kwenye meza yenye sahani mbili. Nilikuwa na fasili. Ilinijia pale pale chini ya ngazi, siku ya pilau: kushoto ni yule asiyetaka mtu ashukuru ndipo apate, kulia ni yule asiyetaka mtu alazimishwe ndipo atoe. Sikuthubutu kuiandika. Ningetakiwa kusema nimeitoa wapi. Badala yake nilikusanya ya kila mwandishi, nikawapatanisha, nikapaka siagi. Siku ya kutetea, mwezi wa sita, mbele yangu walikaa Mwalimu Lin, profesa mzee wa Kichina asiyejua Kiingereza, na mgeni mmoja kutoka Uingereza asiyejua Kichina. Mgeni alisema maneno haya ya kushoto na kulia siku hizi hayana maana kubwa hata kwao. Profesa akanung'unika kwa Kichina kwamba mwanafunzi anakwepa na mgeni naye anakwepa. Mgeni akaniuliza, "Amesemaje?" Nami, kwa ulimi uliokwisha kuzoea Sanyuanli, nikajibu kwa tabasamu, "Anasema kwamba suala ni pana."

Mwalimu Lin aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake. Yeye lugha zote mbili alizijua. Hakusema kitu mbele yao, nikapitishwa, kwa alama za kuponea chupuchupu. Nje, kwenye ukumbi, akaniambia kwa ule mnong'ono wake: "Umesema maneno ya kila mtu vizuri kuliko walivyoyasema wao. Ndiyo maana sijui nani alisema nini." Nilijibu ahsante, nikadhani amenisifu. Ilinichukua miaka kujua hakunisifu.

Bwana Kassim aliondoka Guangzhou mwaka uliofuata, akarudi kwao. Mama Bahati naye akaondoka baadaye, magoti yalipokataa zile ghorofa saba. Mimi nikabaki, na kazi ndiyo hii hii. Siku hizi nakalimani zaidi hospitali, ambako kuchuja ni hatari, nimejifunza kusema neno linavyosemwa hata likiwa baya. Kwa watu wote isipokuwa mmoja. Na ukiniuliza leo mimi ni wa upande gani, sijui. Nikimkumbuka Kassim na chaki yake naona ana haki. Nikimkumbuka Mama anasukuma mabelo kwa mguu naona hakuna haki nyingine zaidi ya ile. Njia mbili zilimshinda fisi, na yule fisi hakuwa amekula kwenye njia zote mbili kama mimi.

Nimempigia mchana huu, Mbeya kulikuwa ni asubuhi. Nilisikia jogoo na redio. Sikumsalimia sana. Nilimwambia, "Mama, hakuwa na wageni. Nilikudanganya." Kisha nikamwambia yale maneno, yote, kwa mpangilio wake: anitoze, kama hotelini, mgeni siku mbili, tutakuwa sawasawa, tutagombana vizuri. Sikuchuja hata neno moja. Nilipomaliza nilisubiri anitukane.

Alimwambia mtu azime redio. Nikasikia kiti kikivutwa, akiketi.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani pilau yangu haikumfaa."

"Niliogopa ungemchukia, mama. Kwa kutaka kukulipa."

"Ningemtukana, ndiyo. Ningemtukana dirishani mpaka Wachina wote wasikie." Akavuta pumzi, na nikajua analia, maana nami nilikuwa nalia. "Halafu ningemtoza, Tumaini. Ningemtoza, akapanda akala."